Huyo Si Mimi: Kazi ya Mwandishi Kivuli

Kwa desturi watu humwalika mwandishi ambaye jina lake wameliona kwenye jalada. Mimi nimeandika vitabu kumi na kimoja vya maisha ya watu, na hakuna hata kimoja chenye jina langu. Nimeandika maisha ya mfanyabiashara, ya askofu mstaafu, ya karani wa reli, ya mama aliyelea yatima wa kijiji kizima. Wote wanasema "mimi" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na maneno yanayoifuata hiyo "mimi" nilikaa nayapanga usiku, nyumbani kwangu. Kwa Kiingereza mtu wa kazi hii huitwa mzuka. Sisi tumezoea kusema mwandishi kivuli, nami nalipenda zaidi jina letu, kwa sababu kwetu kivuli ni mahali ambapo mtu hukaa akapumzika, akapata pumzi ya kusema.

Kazi hii niliirithi. Baba yangu alikuwa mwandishi wa barua. Alikaa nje ya posta ya Tanga, chini ya mti, akiwa na meza ndogo ya mninga, taipureta aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga ofisi, na karatasi alizozigandamizia jiwe ili upepo wa bahari usizipeperushe. Wateja wake walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, wenye kesi, na akina mama wenye watoto wa mbali.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Pongwe. Mwanawe alikuwa Mombasa, mwaka wa pili huo hajaleta habari wala senti. Baba alimsikiliza, akapiga mashine, kisha akamsomea. Barua ilianza kama barua zote za wakati ule: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Yule mama akamkatiza.

"Mzee, huyo si mimi."

Baba akamwuliza ana maana gani.

"Mimi sina hofu wala mashaka. Nina hasira. Niandikie hasira yangu."

Baba akaichomoa karatasi mashineni, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya meza, akaanza upya. Barua ya pili ilikuwa na mistari sita tu. Yaliyokuwemo siwatajii, maana siri ya barua ni ya mwenye barua, lakini sura ya yule mama aliposomewa mara ya pili naiona mpaka leo. Aliitikia kwa kichwa mstari kwa mstari, akafungua ncha ya khanga, akatoa pesa. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, na kipimo ninachokitumia ni kile kile cha mama wa Pongwe: mwenye maisha akisomewa, atasema huyo ni nani?

Wala msidhani kazi hii ni ngeni kwetu. Katika kila mahafali, na kila afikapo mgeni rasmi, husomwa risala, na mara nyingi anayeisoma siye aliyeiandika. Washairi wa mwambao wametunga kwa kuagizwa tangu zamani. Mtu huenda na machungu yake kwa mshairi, mshairi akayatia vina, kikundi cha taarabu kikayaimba, na mjini watu wakajua ni machungu ya nani bila kutajiwa jina.

Walimu wa fasihi hututofautishia wasifu na tawasifu. Shaaban Robert alipoandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, aliandika wasifu: jina la mwandishi ni lake, na Siti ndani yake ni "yeye". Tawasifu ni maisha ya mtu aliyoyasimulia mwenyewe. Mwandishi kivuli huandika tawasifu ya mtu mwingine. Litazameni neno lenyewe mtaona mgongano uliomo, na ndani ya mgongano huo ndimo tunamofanyia kazi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye tunamwita Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode ndiye aliyeyahamishia kwenye herufi za Kirumi na kuyatafsiri kwa Kijerumani. Kitabu kilichotufikia baadaye kina maneno "kwa maneno yake mwenyewe" kwenye jina lake. Nakiamini. Kiswahili kile ni cha mfanyabiashara wa Unguja, kina haraka, kina hesabu. Lakini kila ninapokisoma, jicho la kikazi hunipeleka kwenye mambo ambayo hakuulizwa. Pembe za ndovu zimehesabiwa kwa frasila. Watu waliozibeba, na watu waliouzwa, hupita humo kama sehemu ya msafara. Pangekuwa na msikilizaji wa kumwuliza, "Yule uliyemnunua pale alikuwa anaitwa nani?" huenda angekasirika, huenda asingejibu. Swali lisiloulizwa linabaki shimo katika kitabu, na shimo hilo tunaliona zaidi ya miaka mia baadaye.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 1967 kilitoka kitabu cha Jaramogi Oginga Odinga, *Not Yet Uhuru*. Aliyekaa naye kukijenga ni Ruth First, mwandishi wa habari wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Uingereza. Ruth First hakuwa mtu wa kukosa maneno yake mwenyewe. Alikwisha kuandika kitabu kuhusu siku 117 alizowekwa kizuizini na serikali ya makaburu bila kushtakiwa. Alijua kwa mwili wake uzito wa kusema "mimi" katika kitabu, kisha akakaa akamsaidia mwingine aseme ya kwake. Mwaka 1982 makaburu walimuua Maputo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Leo wanafunzi wengi wa siasa ya Kenya wanamnukuu Jaramogi bila kujua mikono hiyo ilipita humo. Mwaka 2013 mwanawe, Raila Odinga, alipotoa *The Flame of Freedom*, jina la mwandishi aliyemsaidia, Sarah Elderkin, liliandikwa pamoja na lake. Kutoka kwa baba mpaka kwa mwana ni miaka 46. Jina limetoka kivulini likafika mlangoni, nami naona hayo ni maendeleo.

Nitaje na Ufaransa, kwa kuwa tunao ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaosoma Kifaransa pamoja na Kiswahili. Kwa miaka mingi neno la Kifaransa la kumwita mwandishi kivuli lilikuwa *nègre*, neno lile lile la kumtusi mtu mweusi, lililobeba maana ya mtumwa. Mwaka 1845 mwandishi mmoja, Eugène de Mirecourt, alitoa kijitabu cha kumshambulia Alexandre Dumas kwamba ana kiwanda cha watu wanaomwandikia, akamsimanga na kwa asili yake, kwa sababu bibi yake Dumas alikuwa mtumwa mweusi katika nchi ambayo leo ni Haiti. Mahakama ilimtia Mirecourt hatiani kwa kashfa. Hata hivyo ni kweli kwamba Dumas alikuwa na msaidizi mkubwa, Auguste Maquet, aliyefanya naye kazi katika riwaya zake mashuhuri. Baadaye Maquet alimshtaki. Akapata haki ya malipo, jina kwenye jalada hakulipata. Lile tusi liliendelea kutumika maofisini mwa wachapishaji mpaka mwaka 2017, wizara ya utamaduni ya Ufaransa ilipopendekeza watu waseme *prête-plume*, yaani mkopesha kalamu. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu jina unalompa mfanyakazi linaonyesha unavyokusudia kumlipa.

Sasa kazi yenyewe.

Huanza na mkataba, hata kama mteja ni mjomba wako, na kama ni mjomba wako uandike kwa makini zaidi. Mkataba wangu una malipo ya awamu tatu: tunapoanza, rasimu ya kwanza inapokamilika, na kabla muswada haujaenda kiwandani. Una kifungu cha usiri. Una kifungu kinachosema kanda na maandishi ya mazungumzo ni ya nani baada ya kazi kuisha. Vijana wengi hukisahau hicho, kisha familia hugombana nao msibani.

Baada ya hapo ni kukaa. Saa ishirini, saa thelathini za mazungumzo, nusu yake ukiwa husikii lolote la kuandika. Nilipoanza mwaka 1998 nilitumia kinasa sauti cha kaseti, dakika 45 kila upande, na mnaokumbuka mnakijua kile kishindo kidogo kitufe kinaporuka. Wazee wangu walikuwa wakinyamaza katikati ya neno wakisubiri nigeuze kanda. Nilijifunza kuitazama saa ili kishindo kisimkute mtu penye jambo zito.

Saa moja ya maongezi hunichukua saa tano kuiandika neno kwa neno, na simpi mtu mwingine anifanyie. Hapo ndipo ninapoisikia pumzi ya msemaji. Yupo anayeanza kila jambo na "sasa". Yupo ambaye kwa miaka hamsini hajalitamka jina la mkewe, husema "mama watoto", na ukiliandika jina lile kitabuni umeshamharibu. Yupo ambaye akikaribia jambo linalomuuma huhamia Kisambaa au Kihaya bila kujijua. Mimi huweka alama pale alipohama. Mara nyingi pale ndipo kilipo kitabu.

Kuna na kuhakiki. Hapa nitawasimulia habari ya yule karani wa reli, kwa idhini aliyonipa kabla hajafariki.

Alikuwa amestaafu, anaishi Tabora. Aliniambia kwamba mwaka 1965, mwanawe wa kwanza alipozaliwa, ndiyo kwanza alikuwa amepokea mshahara, akaenda dukani akanunua kitenge na blanketi la mtoto kwa noti mpya ya shilingi ishirini yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Alinieleza noti ilivyokuwa ngumu, haijakunjwa bado, na mwenye duka alivyoiinua kwenye mwanga kuitazama. Niliiandika sehemu hiyo kwa furaha. Usiku, nikiwa nimekwisha kulala, nikakumbuka kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966. Kabla ya hapo tulikuwa tukitumia shilingi ya Afrika Mashariki, na noti mpya za mwaka 1964 zilikuwa na mashua ya Ziwa Victoria. Sura ya Mwalimu haikuwepo kwenye noti yoyote mwaka 1965.

Nilimrudia, nikamwamkia, nikamweleza taratibu. Alikasirika. Aliniuliza kama mimi nilikuwepo dukani. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki iliyojaa kadi za kliniki na za ubatizo, akavaa miwani ili anionyeshe. Kadi ya mwanawe mkubwa ilisema 1967. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba yule wa 1965 alikuwa mwingine. Aliishi siku kumi na mbili. Kumbukumbu yake ilikuwa imewachukua watoto wawili ikawafanya mmoja, ikawafunika kwa blanketi moja.

Nilizima kinasa sauti. Vijana mnaotaka kazi hii, jueni kwamba kuzima nako ni sehemu ya kazi. Aliniambia nisiandike, nami nikamjibu, "Sawa, mzee, kitabu ni chako." Wiki tatu hatukuonana. Aliponiita alisema, "Mwandike. Mpe sentensi yake." Sentensi yenyewe aliitamka yeye, nami sikuongeza neno wala sikupunguza. Kosa la noti lingeweza kupita, wasomaji wachache wangeligundua. Lakini kama ningelipitisha, yule mtoto wa siku kumi na mbili angebaki nje ya kitabu cha baba yake.

Nimekutana pia na kinyume chake. Mtu mmoja, simtaji yeye wala ofisi yake, alitaka nimwandike akiwa ndani ya mkutano ambao hakuhudhuria, akitoa ushauri ambao hakuutoa. Nilimwonyesha kwamba orodha ya waliohudhuria ipo na jina lake halimo. Akanijibu kwamba analipa yeye. Sikuandika, na awamu ya tatu ya malipo yangu sikuipata. Usiri nilioutia saini unalinda siri za mtu. Uongo wake mbele ya wasomaji haumo ndani ya usiri huo, na mwandishi kivuli anayeuandika ameshiriki, hata kama jina lake halionekani.

Wako wenzetu wa kivuli wa namna nyingine. Nairobi na miji mingine ya Kenya ina vijana wengi waliomaliza chuo kikuu wasipate ajira, wakajikimu kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Hukesha, kwa kuwa mchana wa mteja wa Marekani ni usiku wetu. Wanasoma kwa siku mbili somo ambalo mwingine amepewa muhula mzima, na wanapata alama ya juu kwa jina la mtu wasiyemjua. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2020, na kwa vyuo vya England sheria ikaja mwaka 2022. Mwisho wa mwaka huo huo ikatoka ChatGPT, programu ya kompyuta inayoandika yenyewe, na vijana ninaowafahamu wanasema kazi zilipungua sana.

Vijana hao nawaheshimu kwa akili zao, na wanaoniumiza ni wale waliowasomesha wakawaacha bila ajira. Lakini kazi ile siwezi kuihesabu pamoja na hii yangu. Karani wa reli alisikia kila neno la kitabu chake, na alikuwa na uwezo wa kunikatiza. Mwanafunzi aliyenunua insha hana cha kukatiza, kwa sababu hakusema lolote. Hakuna maisha yake mle wala fikra zake. Na insha ya uuguzi iliyonunuliwa haiishii kwenye makaratasi. Inafika wodini, inasimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mwaka huu nimeulizwa mara nyingi kama programu hizi za kompyuta zitanifukuza kazini. Barua ya kwanza ya baba yangu, ile ya mzima wa afya na hofu na mashaka, programu itaiandika kwa nukta mbili, tena vizuri. Barua ya pili ilimhitaji yule mama aliyekatiza, na mtu aliyekuwa tayari kuichomoa karatasi. Naogopa zaidi kwamba watu watazoea barua ya kwanza, wasikumbuke kwamba walikuwa na hasira.

Na hapa nalileta jambo lililonitoa nyumbani jioni hii, jambo la lugha. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotoa maisha yake mwaka 2021, aliyatoa kwa Kiswahili, *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*. Miaka miwili kabla, Mzee Benjamin Mkapa alikuwa ametoa yake kwa Kiingereza. Viongozi hawa walizijua vyema lugha zote mbili, na kila mmoja aliweza kusoma alichokitia jina. Ninayemlilia ni yule mzee anayesimulia kwa Kiswahili saa thelathini, kisha watoto wake wanaagiza kitabu cha Kiingereza ili kionekane kizito mezani. Kitabu kinazinduliwa, mzee anavalishwa joho, anapigwa picha amekishika. Hawezi kukisoma. Atawezaje kusema huyo si mimi? Tumemnyang'anya haki ambayo mama wa Pongwe, asiyejua kusoma wala kuandika, alikuwa nayo nje ya posta.

Kazi mbili za namna hiyo nimezikataa. Sasa mkataba wangu una kifungu kipya: muswada utasomwa kwa sauti mbele ya mwenye maisha, wote, kwa lugha aliyoitumia kusimulia, kabla ya tafsiri yoyote na kabla ya malipo ya mwisho. Kitabu cha kurasa mia mbili husomwa kwa siku tatu au nne. Familia hulalamika kwamba ni muda mrefu, ila wazee hawajawahi kulalamika.

Kuhusu jina, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na haki yake ya kutajwa. Sisi wenyewe ndio tunaotia saini ya kunyamaza, mara nyingi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Wachapishaji mliomo humu, siombi jalada. Naomba mstari mmoja kwenye ukurasa wa ndani, pale mnapoandika mwaka na kiwanda, useme kwamba kitabu kimeandikwa kwa ushirikiano na fulani. Msomaji ana haki ya kujua kwamba palikuwa na watu wawili chumbani.

Na ninyi wenye wazee nyumbani, msinisubiri mimi. Wengi wenu hamtaweza kunilipa, na wazee wenu hawataningoja. Simu iliyomo mfukoni inatosha kurekodi. Kaeni naye asubuhi, kabla jua halijamchosha, mzime redio. Msianze kwa kumwambia asimulie maisha yake, maana atawapa risala. Mwulizeni mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi, noti ilikuwa na picha gani, na alimnunulia nani nini.